Mikono ya Bibi Shufaa

Kila kundi jipya la wanafunzi Sadallah alilianza kwa maneno yale yale: mtu wa mtandaoni hana subira, ukimchosha sekunde tano tu amekwenda zake. Alikuwa kijana wa Chalinze, miaka ishirini na sita, aliyemaliza chuo kikuu mwaka juzi, sasa akifundisha kozi ya miezi sita katika chuo kimoja kidogo cha Bagamoyo. Alifundisha kutengeneza picha, sauti, video na maandishi ya kuweka kwenye tovuti. Kompyuta zilikuwa kumi na mbili, zinazowaka saba. Hilo halikumvunja moyo. Aliamini, na aliamini kweli, kwamba vijana wa hapa wakijua kuionyesha dunia vitu vya kwao, dunia itawaheshimu.

Mize ndiye aliyemtia matumaini kuliko wote. Binti wa mji mkongwe, mpole, haongei mpaka aulizwe. Kwa kazi yake ya mwisho alileta video ya dakika tatu: mikono ya bibi yake ikisuka ukili. Uso haukuonekana. Ilionekana mikono, kanga nyeusi iliyopauka magotini, miyaa ya mkindu ikipishana, na kimya cha ndani ya nyumba.

Sadallah aliitazama mara mbili. Akasema ni nzuri ila imepoa. Akamwonyesha namna ya kukoleza rangi mpaka ile kanga ikatoa zambarau na miyaa ikang'aa. Akamfungulia hifadhi ya muziki wa bure, akamchagulia yeye mwenyewe mdundo wa chakacha, maana kwa mtu wa Chalinze chakacha ndiyo pwani yenyewe. Mwisho akamkumbusha kuandika jina la mhusika na tarehe, kwa kuwa kazi isiyo na jina ni barua isiyo na anwani.

"Lakini mwalimu, bibi yuko..." Mize alianza.

"Bibi atafurahi," Sadallah alisema, akageukia kompyuta ya pili, ambako mwanafunzi mwingine alikuwa akimsubiri.

Mize alikuwa amelelewa kwamba mwalimu habishiwi. Alifanya kama alivyoambiwa, kwa uangalifu, kama alivyofanya kila kitu.

Alichotaka kusema ni kwamba bibi yuko ndani ya eda. Mzee Mbaruku, mumewe kwa miaka arobaini na tatu, alikuwa amezikwa miezi miwili nyuma, na Bibi Shufaa alikuwa amekaa ndani kama ipasavyo: hatoki, hajipambi, hajitii manukato, haonwi na wanaume wa nje. Alisuka ukili kwa sababu mikono isiyo na kazi ilimletea kilio. Alikubali kurekodiwa baada ya mjukuu wake kumwapia kwamba ni mikono tu, na ni kwa ajili ya mtihani.

Sadallah mwenyewe ni Mwislamu. Mama yake aliwahi kukaa eda. Swali moja tu lingetosha. Hakuuliza.

Kazi ikapanda mtandaoni Jumatatu. Jumatano watu wa mji mkongwe walikuwa wanaitumiana. Vidole vya Bibi Shufaa vilikuwa na alama hafifu za rangi ya kutilia miyaa, kama vilivyo vidole vya kila msukaji. Rangi ilipokolezwa, alama zile zikawa nyekundu kama hina ya bi harusi. Hina, kanga ya zambarau, na chakacha ya harusini inapigwa. Chini yake jina kamili, Shufaa binti Mtoro, na tarehe ambayo kila mtu aliweza kuihesabu tangu siku ya maziko. Watu walihesabu.

Sadallah aliufuta ukurasa dakika ile ile Mize alipomweleza, akilia, kwenye veranda ya chuo. Kufuta ni kubonyeza mara mbili. Lakini video ilikwisha kuingia kwenye simu za watu, na simu za watu hazina mlango anaoweza kuugonga mwalimu. Alimpata mmoja, akamwomba aifute. Yule akaifuta mbele yake, kisha akasema kwa huruma kwamba yeye ameipata kwenye kundi lenye watu mia mbili.

Ilifika Pangani siku hiyo hiyo, kwa Bi Adila, dada wa marehemu. Huyo ndiye wifi mkubwa. Katika ukoo ule mjane hajitoi eda: siku ikitimia mawifi huja, humwogesha, humvika nguo mpya walizokuja nazo, na kwa kufanya hivyo husema mbele ya watu kwamba ndugu yetu alikuwa na mke, na mke amemkalia eda vizuri. Bi Adila alituma ujumbe mfupi kwa ukoo mzima: aliyekwisha kujitoa hatolewi.

Sadallah akaenda nyumbani kwa Bibi Shufaa kuomba radhi. Hakuweza kumwona, bila shaka. Alikaa barazani na Mzee Khamis, kaka yake bibi, aliyemsikiliza hadi mwisho, kisha akamtuma Mize ndani na maneno. Mize alikawia. Aliporudi aliangalia chini.

"Bibi hana kinyongo. Anauliza tu, kile kilichotoka, mwalimu hawezi kukirudisha?"

 Mzee Khamis akamwonea mwalimu haya, akaanza kuzungumzia mvua.

Hata hivyo hakukata tamaa. Ile video ya asili ilikuwepo bado kwenye kompyuta ya chuo, haijakolezwa, haina muziki: kanga iliyopauka, vidole vikavu, kimya. Sadallah aliona huo ndio ushahidi, na ukweli ukionekana hujitetea wenyewe. Alipata namba ya Bi Adila, akamtumia, akampigia.

Alimwamkia, akaitikiwa marahaba. Akaeleza yote taratibu, jinsi rangi inavyokolezwa, jinsi sauti inavyopachikwa, kwamba kosa ni lake peke yake. Bi Adila hakumkatiza hata mara moja.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "hina ile uliitia wewe, kwa mashine?"

"Ndiyo, bibi. Hakuwa nayo."

"Na mashine hiyo haiwezi kuitoa kwa aliyekuwa nayo?"

 Inaweza. Sadallah alikuwa amewafundisha wanafunzi wake jinsi ya kufanya hivyo wiki ya nne.

"Basi mimi nitajuaje?" Bi Adila aliuliza, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kuambiwa.  Kisha akaaga.

Ilibaki miezi miwili ya eda, na Sadallah aliipitisha akiomba mawifi waje. Mzee Khamis alikwenda Pangani mara mbili na kurudi na salamu tupu. Siku ilipotimia, Sadallah aliomba ruhusa chuoni akaenda kukaa barazani tangu asubuhi, kwa sababu hakujua pengine pa kuwa. Ndani walipika, kwani mtu hawezi kutowapikia wageni eti kwa kudhani hawatakuja. Harufu ya pilau ilijaa kichochoroni. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo, Mzee Khamis aliinua kichwa, na Sadallah aliinua cha kwake.

Adhuhuri ikapita. Baada ya sala ya alasiri ilisikika sauti ya maji uani, kata baada ya kata. Mzee Khamis aliweka tasbihi chini.

"Ni mtoto anamwogesha," alisema.

Mize alitoka baadaye, pindo la nguo yake limelowa. Alikuwa amembebea Sadallah sinia iliyojaa pilau, yenye nyama nyingi juu, kama inavyopakuliwa kwa wakwe.

"Bibi anasema mwalimu asiondoke hajala," alisema. "Chakula ni kingi."

Sadallah alinawa. Kukataa kungekuwa kosa jingine katika nyumba ile. Akakata tonge, akalitia mdomoni, na Mzee Khamis akamsogezea upande wenye nyama.