Pedali Moja na Sauti Mia na Ishirini

Tri-tri-tri. Kifuniko cha sufuria kubwa kilitetemeka jikoni kabla hakujapambazuka, kikatulia, kikatetemeka tena. Mama Chiriku alifumbua macho gizani, akasikiliza, akatabasamu. Ulikuwa mvumo wa wimbo wa pili wa Jumamosi, ule wa kuwaingiza maharusi ukumbini. Huo ulikuwa umechelewa. Wenzake walikuwa wamefika tangu juzi.

Alikuwa mpiga besi katika bendi ya sherehe, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu. Kwa miaka yote hiyo mivumo ya gitaa lake ilimfuata nyumbani. Ilikuja siku mbili tatu baada ya sherehe, mmoja mmoja, ikajibana chini ya mlango na kutafuta pa kukaa: ndani ya sufuria, kwenye ndoo, kwenye buti za mvua. Kila mmoja ulikuwa mkubwa kama limau, wenye rangi ya bilingani, na mzito kuliko ulivyoonekana. Haikuuma wala kunuka. Ukiugusa ulinguruma kidogo, bila wimbo, kama mtu aliyeamshwa asiyejua aamkie nini. Wifi yake, fundi wa majokofu aliyekaa nao, hakuwa na ugomvi na mivumo hiyo ila asubuhi, wakati wa kubandika chai.

"Wifi, sufuria imejaa tena," alisema, akiimimina kwenye gunia. "Hivi huu muziki wako hauna kwao?"

"Kwao si hapa?"

"Basi ujifunze na kufagia."

Mama Chiriku alijua kwa nini mivumo inarudi. Sauti isiyosikiwa na mtu humrudia mwenyewe. Hilo halikuwa na mjadala. Swali lilikuwa kwa nini haisikiwi, na hilo nalo aliamini analijua. Kosa lilikuwa la kisanduku.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha chuma, cha kukanyagia kwa mguu, kipana kama sinia. Waya wa gitaa uliingia upande huu, ukatokea upande ule, na hapo katikati sauti iligeuzwa upendavyo. Zilikuwamo sauti mia na ishirini: ya kengele, ya pango, ya mtu anayeongea ndani ya pipa, na moja iliyofanana kabisa na mbu aliyetukanwa. Alikinunua kwa mpiga solo mmoja aliyehama mji, na alikipenda. Wifi yake alikifungua mara mbili kwa bisibisi, akakichungulia, akakifunga. "Hakina ugonjwa," alisema mara zote mbili. "Mtafute mgonjwa kwingine."

Wiki mbili nyuma, Chiriku, bintiye wa miaka minne aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo usiopumzika, alibandika sikio kwenye simu iliyokuwa ikicheza nyimbo za bendi.

"Mama, wewe ni ipi hapa?"

Mama alisikiliza. Alisikia ngoma. Alisikia solo. Alisikia kinanda, na zile sauti nene za chini za mkono wa kushoto wa mpigaji wake, ambazo watu wote wa kumbini walizisifu. Alirudisha wimbo mwanzo mara nne.

"Mimi niko chini chini huko," alisema mwishowe.

Chiriku akaiweka simu sakafuni, akalala kifudifudi, akasikiliza kule chini mpaka akapitiwa na usingizi.

Tangu siku hiyo Mama Chiriku hakuwa na neno jingine ila pedali ya besi, kidude cha kukanyagia cha kunenepesha sauti. Jumamosi ijayo bendi ilikuwa na sherehe ya mchana, ya wafanyakazi wa kiwanda na familia zao, na watoto waliruhusiwa. Chiriku angeingia ukumbini kwa mara ya kwanza. Ilikuwa lazima amsikie mama yake, na amsikie siku hiyo, si nyingine.

"Una sauti mia na ishirini," wifi alisema, "unalilia moja? Mtu ana kabati zima la nguo, anagombania leso!"

"Zote ni nyembamba, wifi yangu."

"Na ile ya arobaini na saba? Si ulisema ndiyo ya kunenepesha?"

"Inanenepesha kama upepo unavyonenepesha pazia."

Wifi alicheka hadi akaweka chini kikombe. Lakini alikuwa na hoja. Mama Chiriku alichukua daftari lake la masomo ya jioni, akagawa ukurasa katikati. Upande wa kutonunua aliandika: ninacho kisanduku, vitu viwili ni mzigo, fedha nilizoweka akiba ni za kabati la vyombo. Upande wa kununua aliandika jina la Chiriku, akalipigia mstari, kisha akafunga daftari.

Jumatano mchana alibeba gitaa na kisanduku hadi duka la ala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho nakijua," alisema mwenye duka, akikipapasa kisanduku kwa heshima. "Chombo kizuri. Ila kilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la solo. Ukikipitishia besi, kinachuja chini, kinabakiza juu. Ni sawa na kunywa supu kwa uma."

"Sasa nikitupe?"

"Uutupe uma umekukosea nini? Nunua kijiko."

Aliweka juu ya kaunta pedali ya buluu, ndogo kama kipande cha sabuni, yenye kitufe kimoja na vifundo viwili: kimoja cha sauti kama ilivyotoka kidoleni, kingine cha kuipa unene. Akaichomeka mbele ya kisanduku, akaunganisha spika ya dukani. "Haya, piga."

Mama Chiriku akapiga uzi mmoja, ule wa juu kabisa mnene kuliko wote.

Mvumo ulitoka kwenye spika ukubwa wa tikiti maji, ukakaa juu ya kaunta. Kaunta ikalia. Mteja aliyekuja kununua nyuzi alisogeza kiwiko kuupisha. Mzee aliuinua akauweka kwenye mizani ya vifurushi. "Kilo tatu kasoro," alisema. Kisha wote watatu wakajikuta wameweka mikono vifuani, maana ulikuwa umewafika, na mvumo ukaanza kupungua pale pale kwenye mizani, taratibu, kama barafu juani, hadi sindano ikarudi kwenye sifuri. Uliosikiwa hauna sababu ya kubaki.

"Nifungie," alisema Mama Chiriku. Njia nzima alitembea kama anayekimbia.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa. Chiriku aliketi na shangazi yake meza ya nyuma, karibu na mlango, kiatu kimoja tayari kimevuliwa.

Bendi ile ilikuwa na adabu yake. Mpigaji hagusi nyaya. Anamkabidhi fundi mitambo ncha ya waya, fundi anauburuta chini ya zulia hadi kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, kule mwisho wa ukumbi, na mpigaji hageuki kutazama. Kugeuka ni kumshuku mwenzako. Mama Chiriku alikuwa hajawahi kugeuka. Nyuma yake palikuwa na kaspika kadogo ka kujisikia mwenyewe, na mle alijisikia vizuri sana.

Alikanyaga pedali. Taa ikawaka. Wimbo wa kwanza ukaanza, na mivumo ikaanguka jukwaani, minene, iking'aa, ikaviringika kushuka ngazi hadi katikati ya wageni. Watu waliinua miguu kuipisha, kama wanavyompisha anayepiga deki. Mhudumu mwenye trei alisimama akasubiri mitatu ivuke. Moyo wa Mama Chiriku ulikuwa unaruka juu kuliko ngoma. Kisha akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeweka mkono kifuani.

"Huyu wa kinanda leo ana mkono!" mgeni mmoja alimwambia jirani yake, akiusukuma mvumo kwa kisigino ili avute kiti.

Wakati wa mapumziko, Mama Chiriku aligeuka. Aliufuata waya wake kwa macho, kisha kwa miguu, chini ya zulia, kando ya ukuta, hadi kwenye meza ya mashine. Haukupanda mezani. Ulikuwa chini yake, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa utepe. Utepe ulikuwa wa siku nyingi. Ulikuwa umechakaa kwa kufungwa na kufunguliwa.

"Kaka, waya wangu haujachomekwa."

"Ndiyo," alisema fundi mitambo, akinywa soda.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja, dada." Hakusema kwa ubaya. "Kila sherehe naufungua, nakuletea ncha, nikiurudisha naufunga. Besi inatoka kwenye kinanda. Wewe unakaa mbele, watu wanaona mwanamke na gitaa, bendi inapendeza. Kiongozi alipanga hivyo siku ya kwanza. Mi' nilidhani unajua!"

Kiongozi wa bendi alikuwa amefika, anajifuta shingo. "Kuna nini? Hako kapya kana taa nzuri. Kanaonekana mpaka huku nyuma."

"Nataka nichomekwe, kiongozi."

"Tutaliangalia."

"Leo?"

"Mama, bendi ina mpangilio wake. Zimebaki nyimbo tano. Twende."

Mama Chiriku alibaki pale mikono mitupu. Kwanza alikihurumia kisanduku, alichokisingizia miaka mitatu. Kisha akaitafuta kwa macho meza ya nyuma, alipokuwa mtoto.

Wifi yake alikuwa kwenye kiti, miguu amekunja juu, hana pa kuishusha. Mivumo yote ilikuwa pale. Ilikuwa imezunguka ukumbi mzima, meza kwa meza, ikakusanyika nyuma kama kuku jioni. Chiriku alikuwa sakafuni katikati yake, peku, ameukumbatia mmoja kwa mikono yote miwili, shavu juu yake, mdomo umefungwa. Na mvumo ulikuwa unapungua. Ukawa tikiti, ukawa papai, ukawa limau, ukaisha. Mtoto akachukua mwingine.

Mama Chiriku hakutembea kurudi jukwaani, alikimbia. Alikanyaga pedali, akakanyaga na kisanduku, akaifungulia ile ya arobaini na saba juu yake, na kijiko na uma vikaenda pamoja. Alipiga kama hajawahi kupiga. Fundi mitambo alipandisha kidogo kinanda. Kiongozi aliwachekea wageni. Mpiga kinanda alishangiliwa. Waya ulibaki chini ya meza, umekunjwa vizuri, na mivumo ikaanguka miwili miwili, mikubwa, na safari hii haikuzunguka tena: ilipita njia ya katikati moja kwa moja hadi mwisho wa ukumbi, na wageni wakavuta viti bila kukatisha mazungumzo.

Chiriku aliupokea wa mbele mapajani. Alizungusha mikono, lakini haikukutana. Alisubiri mwimbaji avute pumzi, akamgeukia mgeni wa meza ya jirani, akasema kwa sauti:

"Huu ni wa mama. Bado una joto."