Kijiti cha Gari la Mwisho

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kibanio cha nguo. Kilikuwa cha plastiki, cha buluu, kimebana suruali yake mguu wa kulia isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Wengine hukunja suruali mpaka gotini, au huifunga kwa mpira. Yeye alikuwa na kibanio, na kila akisimama mbele ya kibao changu aliinama akakigusa kuona kama kipo.

Jina lake Nguma. Alikuwa mtu wa makamo, Mgiriama kama mimi, na nyuma ya baiskeli yake palifungwa sanduku la mbao lililojaa mikate. Kila asubuhi aliichukua kwenye tanuri moja la Timbwani, akaipeleka maduka ya Mtongwe. Baiskeli haikuwa yake, ilikuwa ya mwenye tanuri. Alipewa kwa sharti moja, na sharti hilo alimwambia kila aliyesimama naye kwenye foleni: siku polisi watakapomwandikia kosa la barabarani, arudishe baiskeli na kazi iishe.

"Na mimi kazi nyingine siijui," alikuwa akisema. "Kwa hiyo mtanisamehe. Kibao kikiwa chekundu, mimi ni mti."

Barabara ilikuwa inachimbwa ili kulazwa mabomba. Upande mmoja mtaro, upande wa pili kifusi cha udongo, katikati imebaki njia ya gari moja tu. Mimi nilisimama upande wa Timbwani na kibao cha duara juu ya fimbo, uso mmoja mwekundu, uso mmoja kijani. Upande wa Mtongwe alisimama Chengo na kibao kama changu. Baina yetu barabara ilipinda, hatukuonana. Ndiyo maana palikuwa na kijiti.

Kilikuwa kipande cha mpini wa ufagio kilichofungwa kitambaa chekundu. Nikitaka kufunga upande wangu, dereva wa gari la mwisho nilimpa kijiti, akaenda nacho mpaka kwa Chengo. Chengo akikishika alijua ndani hamna mtu, akageuza kibao chake kijani. Na gari la mwisho la upande wake lilinirudishia mimi. Bila kijiti, hakuna kufungua. Tena kila mmoja wetu alikuwa na filimbi shingoni. Ikilia mara tatu, maana yake ngoja, kuna mtu bado ndani.

Kazi ile ilinifaa kwa sababu haikutaka maneno. Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu alikuwa akinisimamisha nisome, herufi nazijua zote, sauti haitoki, darasa zima linacheka. Pale barabarani nilikaa miezi miwili nikisimamisha malori na sikufungua mdomo hata siku moja. Madereva wakaniita Bubu. Sikujali sana. Bubu ni jina la mtu anayeachwa kwa amani.

Mwanzoni Nguma akiwa wa mwisho kijiti nilimpa yeye. Ndivyo tulivyofundishwa, wa mwisho ndiye anayebeba. Alikichomeka kwenye sanduku la mikate kama bendera, akaenda polepole, maana mzigo ulikuwa mzito na njia ilikuwa ya changarawe. Gari lilichukua dakika moja kufika kwa Chengo. Yeye alichukua tatu. Dakika hizo tatu magari ya upande ule yalipiga honi mpaka mbwa wakabweka.

Aliyechukia zaidi alikuwa Jacktone, dereva wa lori la kokoto, mtu wa bara. Alilipwa kwa safari, na kila dakika ya kusimama aliiona kama ameporwa. Siku moja alitoka njiani, akasimamisha lori lake pale pale ubavuni mwangu, akatoa kichwa dirishani.

"We Bubu! Asubuhi nimengoja huko mpaka injini ikalala. Kumbe nangoja mkate?"

"Ungekuwa na siagi ningevumilia," alisema dereva wa tuktuk kwenye foleni yangu, na watu wakaangua kicheko.

Nguma alikuwa amerudi na sanduku tupu, amesimama palepale. "Na mimi nilisimama, bwana," alisema. "Kibao kilichokusimamisha wewe ndicho kilichonisimamisha mimi."

"Wewe uko na namba? Uko na leseni? Uko na insurance? Hauna. Basi wewe si kitu ya barabara. Nyinyi watu wa baiskeli mnapita kibao ikiwa nyekundu mkichungulia kama panya, alafu mkigongwa mnalilia sheria."

"Wapo wanaopita, sikatai. Nawaambia kila siku kwamba wanatutia aibu. Lakini mimi umeniona nikipita?" Nguma akanigeukia. "Muulize huyu mwanangu. Yeye ndiye mwenye njia. Sema, mwanangu, mimi nimewahi kupita?"

Foleni nzima ikanitazama. Nikaangalia viatu vyangu.

"Ati mwenye njia!" Jacktone alipiga mlango wa lori kwa kiganja. "Mmesikia? Hii barabara iko na mwenyewe!"

Tangu siku ile Bubu likafa. Nikawa Mwenye Njia. Madereva wakipita waliinama madirishani: "Shikamoo, Mwenye Njia, twaomba njia." Makondakta walivua kofia. Mmoja alishuka akapiga magoti mbele yangu kwenye vumbi, abiria wakampiga picha. Bubu walikuwa wakimpita tu. Mwenye Njia walisimama kumchezea, na kila siku walitaka ajibu. Naye aliyeniletea jina lile alikuja asubuhi na mkate wake, akanisalimia kwa upole kama hakufanya kitu.

Madereva wakapeleka malalamiko kwa nyapara wetu, Phineas. Akaja na pikipiki yake, hakuizima.

"Kuanzia leo kijiti ni cha gari. Baiskeli si gari. Itapita kandokando. Sawa?"

Kando ilikuwa mtaro wenye kina cha mtu mzima. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku ya pili Nguma alijaribu kuingia wa kwanza. Gari la nyuma likamgusa gurudumu kwa bampa, likamsukuma hivyo mpaka kwenye kona huku dereva akicheka. Baada ya hapo alisubiri magari yote yapite, akaingia wa mwisho bila kijiti. Mimi nikapuliza filimbi mara tatu. Chengo alisikia, akazuia upande wake mpaka Nguma akatokeza.

Jacktone pia alisikia. Alipofika kwangu alipunguza mwendo.

"Leo Mwenye Njia ameimba! Imba tena! Imba wasikie mpaka Likoni!"

Wakaanza kunipigia miluzi kwa vidole, mara tatu, kila gari. Siku nne nilipuliza filimbi kwa ajili ya Nguma, na siku nne njia nzima ilinipigia miluzi mpaka jioni. Nilikuwa nikilala naisikia.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kibao changu kilikuwa kijani, magari yakaingia, la mwisho pikapu lililobeba magodoro. Nikampa dereva kijiti. Nguma akainama, akagusa kibanio chake.

"Nipulizie filimbi yako, mwenye njia," alisema akitabasamu. "Leo sanduku ni zito."

Nikaitia filimbi mdomoni. Akaiona, akaingia. Nikageuza kibao kikawa chekundu.

Nilimwona mgongo wake mpaka kwenye kona. Halafu nikasikia lori linabadilisha gia upande ule, linakuja mbio, maana Jacktone akipewa njia alikuwa hapunguzi. Honi ililia mara moja, ndefu. Kisha ukasikika mlio kama wa kabati kuanguka.

Nilipofika Jacktone ameshashuka, mikono kichwani.

"Ameingia ikiwa nyekundu!" alikuwa akipiga kelele hata kabla mtu hajamuuliza. "Mimi nimepewa kijani na nimepewa njia! Ameingia nyekundu!"

Nguma alikuwa amelala baina ya kifusi na gurudumu. Mguu wa kulia sitaueleza. Sanduku lilipasuka na mikate ilitapakaa mpaka mtaroni.

Watu wakaja. Pikipiki ikigongwa pale Likoni wenzake hufika mia, lori huponea chupuchupu kuchomwa moto. Baiskeli haina wenzake. Mama mmoja alitandaza leso yake akaanza kuokota mikate. "Itaharibika bure," alisema. Mwingine akawa anachagua, anaibonyeza mmoja mmoja, uliochanika anaurudisha chini. Mwanamume mmoja alisimama juu ya Nguma akitafuna.

"Hawa watu wa baiskeli wamezidi," alisema, mdomo umejaa. "Mpaka wafe ndio wajifunze."

"Si mkate wa leo huu?" mama akauliza.

"Wa leo. Bado una joto."

Nguma hakulia. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Waambie, mwanangu," alisema. "Waambie tu."

Askari alifika kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali. Chengo alimwambia alichokijua, kwamba alipokea kijiti akafungua. Phineas akaongeza haraka kwamba kampuni ina utaratibu, na asiyefuata utaratibu amejitakia. Askari akanijia na daftari.

"Wewe ndiye uliyekuwa na kibao upande ule. Alipita kikiwa rangi gani?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Huyu haongei, afande," alisema Phineas. "Ndivyo alivyo."

"Si lazima aongee. Tikisa kichwa tu. Alipita kibao chekundu?"

Jacktone alikuwa ananiangalia. Phineas ananiangalia. Wale wenye mikate kwapani wananiangalia. Kichwa changu kikashuka mara moja, kikapanda.

"Haya," askari alisema, akaandika.

Wakati huo walikuwa wamemnyanyua Nguma kumweka kwenye pikapu jingine, na uso wake ulikuwa upande wangu. Aliona.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Mwenye tanuri alikuja kuchukua mabaki ya baiskeli na kikaratasi cha polisi kilichoandikwa kosa, akasema sharti ni sharti. Jacktone alikaa nje ya lori siku mbili, ya tatu alirudi na kokoto. Alinipungia mkono. Hakuniita jina lolote, na mimi nikaona afadhali.

Mabomba yalifukiwa, lami ikamwagwa. Mimi nilipewa ufagio nifagie mchanga kandoni. Nilikuwa nafagia Nguma aliponijia kwa magongo, amelowa jasho. Kutoka kituo cha matatu mpaka pale si mbali, lakini kwa magongo ni mbali.

"Shikamoo," nilisema. Hiyo hunitoka.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana." Akapumua kwanza. "Mwenye tanuri ana nafasi ya kufunga mikate kwenye karatasi. Ni kazi ya kukaa. Amesema hawezi kumpa mtu aliyemharibia jina, lakini akija mmoja tu, aliyekuwapo, akamhakikishia nilipita kibao cha kijani, kazi ni yangu. Mmoja tu. Ni hapo Timbwani, tutakwenda na tuktuk, turudi."

Nikaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Huna haja ya kusema," alisema. "Nitakuuliza mimi mbele yake, wewe utikise kichwa. Kwa askari si ulitikisa?"

Hakulisema kwa kejeli. Ningeona kejeli kwenye macho, nimezizoea. Alikuwa ananionyesha kwamba ni jambo ninaloliweza.

Alisubiri. Alisimama vilevile alivyokuwa akisimama mbele ya kibao chekundu, bila kugeuka huku wala huku, kama mti. Magari yalipita kwa kasi kwenye lami mpya. Kichwa changu hakikusogea. Nilijua nikitikisa kwa mwenye tanuri, mwenye tanuri atauliza mbona kwa polisi nilisema vingine, na nitatakiwa kueleza, na nikieleza nitafika mahali ambapo sitaki kufika.

"Haya," alisema mwishowe. "Mungu yupo."

Akageuka. Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa mtupu, umekunjwa kwenda juu mpaka gotini, na mkunjo umeshikwa na kibanio cha nguo. Cha buluu. Sijui kama ni kile kile. Aliinama kidogo juu ya magongo, akakigusa kuona kama kipo, akaenda.

Mahali nisipotaka kufika ni hapa. Watu wote wanadhani niliogopa kupuliza filimbi, hata Chengo, hata mama yangu. Wanasema ni aibu yangu tu, ndivyo nilivyoumbwa. Kibao kilikuwa kijani. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu na pumzi ninayo. Nilimtazama akienda mpaka kwenye kona, nikalisikia lori, na muda ulikuwapo wa kupuliza mara tatu na hata mara kumi. Sikupuliza kwa sababu alikuwa ameniita mwenye njia. Nilitaka akutane na lori uso kwa uso, ashtuke, aanguke na mikate yake, wamcheke yeye siku moja badala yangu. Na honi ilipolia, kabla ya ule mlio, nilifurahi.