Dawa ya Wadudu Tu

Saa kumi na moja jioni, huko Masaka, Mukunde alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, jongoo akapita karibu na mguu wake, akaingia ndani. Alikuwa jongoo wa kawaida, mrefu kama kidole cha kati. Alipoanza kupanda ukuta, Keza, mjukuu wa Mukunde mwenye miezi minane, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kurusha mguu, alianza kurusha. Jongoo aliposimama, mtoto naye alitulia.

Mukunde aliweka ungo chini, akaenda kumtafutia jongoo jani la mparachichi lililooza.

Wiki iliyofuata majongoo walikuwa kumi na saba ndani ya karai alilowawekea majani, na Keza alipiga mateke mpaka shuka ikaanguka. Mama yake, Kayitesi, alikuwa kibarua wa kunyunyiza dawa kwenye nyanya za jirani yao Mugenzi. Kila akirudi alinawa mara mbili kabla ya kumshika mtoto, kisha akasogeza karai karibu naye.

Connie, mpangaji wa chumba cha pili, alifanya kazi maabara, akilinganisha nzi, buibui na jongoo. Alichuchumaa, akatazama.

“Iko sawa, mukecuru,” alimwambia bibi huyo. “Amri ya kupanga mishipa ya fahamu mtoto akiwa tumboni ni ya zamani sana. Jongoo anayo, nzi anayo, sisi tunayo. Kila mtu ana nyumba yake, lakini aliyechora ramani ya waya ni mmoja.”

“Kumbe ni ndugu?”

“Wa mbali. Wale wa kukutana msibani.”

“Hao ndio huja wamebeba chakula,” Mukunde alisema, akaongeza jani.

Ijumaa Kayitesi alinyunyiza. Kufikia jioni majongoo kumi na wawili walikuwa wamejikunja, wamekufa. Keza alirusha mguu mmoja tu.

“Kayitesi,” Mukunde aliuliza, “ulipokuwa na mimba, kliniki walikuuliza nini?”

“Nesi aliuliza kama natumia dawa. Nikamwambia ndiyo, kila Ijumaa. Akanisifu, akaandika.”

“Alikuuliza kuhusu vidonge.”

“Alisema dawa, mama.”

Mukunde alikwenda kwa Mugenzi. Mugenzi, aliyekulia Tanzania, alimpa shikamoo, akampa kiti chenye mto na chai ya maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Lakini ile ni dawa ya wadudu tu, mama. Imeandikwa kwenye chupa.”

“Waya ni zile zile, mwanangu.”

“Naamini. Ila nyanya yenye tundu hainunuliwi. Nikiacha dawa, hata Kayitesi hatakuwa na kazi.” Alifikiri kidogo. “Nitawapa turubai mfunike karai.”

Alilileta mwenyewe, jipya, akalikata kwa kipimo. Connie alipoulizwa kama angewaandikia wakubwa barua kuhusu dawa ile, alisema maabara yao hupima amri, haipimi dawa. Aliwaletea majani makavu, mfuko mzima.

Ijumaa iliyofuata Mukunde alifunika karai na kubana kingo kwa matofali. Upepo ulitoka upande wa shamba. Alipofunua, jongoo mmoja alikuwa bado anatembea, polepole, na kwenye mkeka kidole kidogo cha mguu wa Keza kilikuwa kikicheza.

Nyanya ziliiva vizuri. Mugenzi aliwapa ndoo.

Ijumaa nyingine asubuhi Kayitesi alimfungua Keza mgongoni, akamlaza kando ya karai. Kisha aliinama, akapandisha pampu ya dawa mgongoni pale pale, pakiwa bado na joto la mtoto.