Sini Fupi

Persis Bitutu alipotokea tena mlangoni pa ofisi ya upimaji wa ardhi mjini Nyamira, Nyamongo, mpiga hesabu wa ofisi hiyo, alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilikuwa mara ya tano mwezi huo wa Machi, 1974. Si kwamba alimchukia mama wa watu, la. Alikuwa amechoka tu, basi. Miaka kumi na miwili ya kupiga hesabu za mipaka ya watu wasioelewana inamchosha mtu mpaka kwenye mifupa, na mwenye kubisha aje akae kwenye kile kiti wiki moja aone.

Mama huyo, mjane kutoka upande wa Itumbe, alikuwa na neno moja, lilelile kila siku. Vigingi vipya vilivyopigwa Januari vimelitupa kaburi la mume wake kwenye shamba la shemeji yake, Ratemo. Kaburi lilikuwa ukingoni, ni kweli, lakini ndani ya mpaka wa zamani, na kila mtu kijijini alilijua. Sasa serikali inasema ni la Ratemo. Na mjane ambaye mume wake amelala kwa mtu mwingine, siku yake ikifika atazikwa wapi? Hakuwa na muda wa kubembelezana na mtu. Jumatatu sajili ya mashamba ingefungwa, na baada ya hapo ramani ndiyo sheria.

Mara zote nne Nyamongo alikuwa amemjibu kwa upole kwamba hesabu zilipigwa na mashine ya Nairobi, kompyuta yenyewe, na mashine haikosei. Alichokuwa hamwambii ni kwamba maagizo ya ile mashine aliyaandika yeye. Alipelekwa kozi ya wiki sita, akafundishwa Fortran, lugha ya kuiagizia kompyuta, akarudi na programu ya kuhamisha vipimo vyote kutoka ramani ya kizamani kwenda mfumo mpya. Ofisi nzima ilimpigia makofi. Mkubwa wake, Bwana Obura, alikwisha andika barua ya kumpandisha cheo. Sasa mtu aliyefika hapo aanze kuchokoa kazi yake mwenyewe kwa ajili ya bibi mmoja?

Lakini siku hiyo Persis hakubishana. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono mapajani, akasema taratibu kwa Kikisii, "Sabato iliyopita sikwenda kanisani. Nilikaa pale kaburini, nikamwomba msamaha kwamba nimemwacha kwa watu."

Nyamongo alilelewa na mama Msabato. Alijua mama wa umri ule anaenda kanisani hata kwa homa, hata kwa mvua ya mawe. Akamwambia aende nyumbani, ataliangalia. Kisha akavuta jalada la shamba lile na kushusha kutoka kabatini ile mashine ya hesabu ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, imejaa vumbi, pamoja na kitabu kinene cha sini na kosini, zile namba za kukokotolea pembe, chenye tarakimu nane kila mstari. Alizungusha mpini wa mashine ile mpaka bega likamuuma. Akapata jibu. Jibu lake na la kompyuta yalipishana kwa mita moja na robo.

Hakuamini, nani angeamini? Akachukua shamba jingine, mbali kabisa, la mtu asiyelalamika. Mita moja na robo, upande uleule. La tatu, vivyo hivyo. Hapo akaweka kalamu chini, maana kama ni kigingi kimoja kimekosewa, lawama ni ya mpigaji kigingi. Vikikosewa vyote kwa kipimo kimoja, lawama ni ya hesabu.

Akatoa karatasi ndefu ya programu yake, akaisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kila neno. Na kumbe! Namba zenyewe alikuwa ameziagiza ziwe ndefu, tarakimu kumi na sita, maana vipimo vya huku vinafika mita milioni tisa na laki tisa na ushei. Vizuri. Lakini mashine ile ilikuwa na sini mbili na kosini mbili: fupi, za tarakimu saba, na ndefu, za tarakimu kumi na sita, na kila aina ina jina lake. Ukitaka ndefu, uiite kwa jina lake. Yeye aliita fupi. Alidhani namba ikiwa ndefu, kila kitakachoigusa kitakuwa kirefu pia. Mashine haikulalamika. Iliipokea namba ndefu, ikaizidisha kwa kosini iliyokatwa mkia, na ukikata mkia kidogo vile kwenye mamilioni, unapata mita nzima, na robo juu. Mashamba mia nne na kumi na mawili. Mungu wangu.

Alimwendea Obura na karatasi zote mbili. Obura, mtu wa kule ziwani, mpole, alisoma akavua miwani. Akashauri, kwa nia njema kabisa, kwamba kigingi cha mama yule kisogezwe kimyakimya na yaishe. Nani atajua? Nyamongo akamweleza kwamba ukimrudishia Persis mita yake peke yake, Ratemo atabaki amepunjwa, maana mita yake naye iko kwa jirani wa juu, na ya jirani iko kwa mwingine, mpaka mwisho wa ramani. Ama wote, ama hakuna.

"Wote maana yake sajili haifungwi Jumatatu," Obura alisema. "Na ile barua yako nitairudisha."

"Irudishe," Nyamongo alisema. Ilimuuma, tusidanganyane. Alikuwa na watoto watatu shuleni.

Wiki tatu baadaye, kompyuta ikiwa imezirudia hesabu kwa sini ndefu, alipanda Itumbe na watu wa vigingi. Ratemo alinuna, akapima kwa macho, akaambiwa atapata chake kwa juu, akawapisha. Kigingi kiling'olewa, kikapigwa upande wa pili wa kaburi. Kisha Nyamongo akamchukua Persis mpaka chini ya shamba akamwonyesha jambo ambalo usiku kucha lilimnyima usingizi: huku chini mita ileile, aliyopewa na vigingi vya Januari, inarudi kwa jirani, na ndani yake kuna mstari mzima wa chai aliyoipanda tangu hapo kwa mkono wake.

Persis aliutazama ule mstari, akahesabu mashina kwa midomo.

"Chai hupandwa tena," alisema. Akageuka, akatazama mabonde yote yale mpaka kwa mbali, nyumba kwa nyumba. "Na hawa wengine? Nao walikuwa wakija huko ofisini kwako?"

"Hapana, mama. Ni wewe peke yako."

"Kwa nini wasije?"

Nyamongo alikunja ramani yake polepole, akaikunja tena.

"Waliniamini," akasema.