Kitu cha Mwisho Alichoficha Fundi Bomba

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Tangu alfajiri upepo ulivuma kwa nguvu, ukigongesha mabati na kuanua nguo za watu bila ruhusa. Mvua hakuna, jua la kujificha.

Mshonaji alikuwa bado amepiga magoti anasali pale bintiye mdogo, Kijiko, alipomvuta kanga. "Mama, maliza basi. Leo ni msako!"

Msako ulikuwa mchezo wa baba yake, fundi bomba. Kila mwaka alificha vitu vidogo jengo zima, kila kimoja amekizungushia utepe mweupe, ule wa kuziba maungio ya mabomba yasivuje. Hakuonyesha kwa kidole. Alipiga mluzi tu: ukikaribia, mluzi unakwenda mbio, ukipotea, unazubaa. Na sheria ilikuwa moja, haijawahi kuvunjwa: anayepata kitu cha mwisho anamdai mfichaji ahadi, na ahadi hiyo hutamkwa kwa sauti mbele ya watu.

Mwaka jana kitu cha mwisho hakikupatikana. Fundi alicheka hadi akashika mbavu. "Kipo palepale," alisema. "Mtakitafuta mwakani." Mwezi uliofuata, mtaro aliokuwa akichimba ulimporomokea.

Kijiko alikuwa kwa bibi yake wakati wa mazishi. Aliporudi akauliza, na mama alipofungua kinywa kusema kweli, yakatoka mengine: "Baba amesafiri kikazi." Alidhani ni uongo wa siku mbili tatu. Ukaota mizizi. Dada mkubwa, aliyeitwa Wakili kwa ubishi wake, akaamriwa kufunga mdomo. Majirani nao wakanyamaza. Kila alipolala mama alimwomba Mungu ampe siku ya kusema, na kila kulipokucha aliomba isiwe leo.

Basi safari hii alificha yeye, vitu amevifunga kwa vipande vya vitambaa vya dukani kwake. Shangazi wa watoto alikuja kusaidia, yaani kucheka.

"Wifi, mpaka kwenye kiatu changu? Mguu wenyewe hauenei, na wewe unaweka mpangaji mwingine!"

Getini mlinzi aliapa hajaona kitu.

"Hebu simama, mzee," alisema Wakili.

"Magoti yananiuma, mjukuu wangu."

"Magoti hayakuzuii kusema ulichokalia."

Mlinzi akasimama, na kifurushi chekundu kikadondoka kutoka kwenye kiti. Wote wakacheka, hata mama, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kilikuwa cha mwisho kati ya alivyoficha mama. Alianza kukusanya vitambaa.

"Shh," alisema Kijiko. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, kichwa amekiinamisha. "Anapiga mluzi."

Mama akasikia. Mwembamba, wa kuzubaa, kutoka juu.

Kijiko akapanda. Upepo ukazidi, na mluzi nao ukaanza kwenda mbio. Mama akamfuata. Mwaka mzima alikuwa amekitafuta kitu kile kwa siri: kwenye koki, nyuma ya tangi, kila mahali palipopita maji, maana fundi bomba angeficha wapi pengine? Hakuwaza mkono wa ngazi, ule wa kushikilia, ambao mumewe mwenyewe aliuunga kwa bomba lililobaki kazini. Bomba kavu. Mwisho wake ulikuwa wazi, umeelekea dirishani.

Kijiko akaingiza vidole vyake vidogo, akavuta. Mluzi ukakatika ghafla, kama mtu aliyefunga midomo. Mkononi mwake palikuwa na nati ya shaba, imezungushiwa utepe mweupe.

"Karudi!" Akageukia ghorofa ya juu. "Baba! Toka, nimekipata!"

Sauti ikapanda ngazi, ikagonga milango, ikarudi peke yake.

Chini, mlinzi alivua kofia. Shangazi alipanda polepole, hana utani tena. "Ni upepo tu, mwanangu."

"Upepo haujui kuficha," alisema Kijiko. "Nadai ahadi yangu. Baba aahidi kwamba anarudi leo. Kama anaona haya, mama amsemee."

"Sheria inasema aliyeficha ndiye..." Wakili alianza, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Wifi," shangazi alinong'ona, "itikia tu, yaishe. Ni mtoto."

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu. Lakini angeuwekaje uongo katika kinywa cha marehemu, ambaye kwenye mchezo huu hakuwahi kuvunja ahadi? Mungu wangu, ndiyo siku yenyewe hii? Upepo ulipita tu kwenye bomba, sasa bila mluzi.

Akapiga magoti kwenye ngazi, uso kwa uso na mwanawe.

"Baba hakusafiri, mama. Baba alikufa. Udongo ulimwangukia kazini. Aliyekudanganya ni mimi, si yeye."

Kijiko aliitazama nati. "Dada anajua?"

Wakili akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka.

"Na shangazi? Na mlinzi?" Shangazi akajifunika uso kwa kanga. "Kumbe ni mimi tu."

Maneno hayo yalimchoma mama kuliko yote ya mwaka ule.

"Sasa ahadi yangu atailipa nani?" Kijiko aliuliza.

"Mimi. Dai."

Mtoto alifikiri, nati ameibana kifuani. "Nataka kwenda pale alipo. Na usiniambie tena kasafiri."

Mama akasimama. Akashika lile bomba, lilikuwa baridi, akapaza sauti kama mumewe alivyokuwa akifanya, hadi mlinzi kule chini akasikia:

"Mbele ya Mungu, mbele ya shangazi yako, dada yako na mlinzi wetu: kesho, nikishasali, nitakushika mkono nikupeleke kwenye kaburi la baba yako. Na utakaloniuliza juu yake, njia nzima, nitakuambia kweli."