Uwanja wa Shabaha Umefungwa

Kwa miaka arobaini na mitatu Royce Hallam alivaa bastola kiunoni kila asubuhi, kama wanaume wengine wanavyovaa saa. Katika mji wa Cutter Springs, Arizona, hilo halikumshtua mtu. Sheria iliruhusu, na mwenyewe alijulikana: ndiye aliyefundisha nusu ya mji kulenga shabaha, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye uwanja ulio nyuma ya kilima cha matangi ya maji. Saa mbili kamili alitoka, akapita barabara kuu, akachukua barua zake posta na kurudi. Akifika, mkewe Ardith alikuwa ameshamkaangia mayai.

Kilichoanza kuharibika ni kumbukumbu. Miwani ilipatikana ndani ya friji. Jina la mkwe wao, mume wa binti yao, likampotea. Daktari alipoutaja ugonjwa wenyewe, alimvuta Ardith pembeni akamwambia silaha isikae tena nyumbani. Ardith alijaribu kumwambia mumewe mara mbili. Mara ya kwanza Royce alinyamaza siku nzima. Mara ya pili alilia, na Ardith hakuwa amemwona akilia hata siku Royce alipomzika mama yake.

Basi akafanya aliloliweza. Jioni moja ya mwezi wa kwanza, Royce akiwa bafuni, alizitoa risasi zote sita akazificha kwenye kopo la vifungo vya nguo, kisha akairudisha bastola kwenye mkanda wake uliotundikwa ukutani. Tangu hapo kila asubuhi alimtazama mumewe akifunga ule mkanda, wala asimwambie. Katika miaka yao yote pamoja hakuwahi kumficha kitu kizito hivyo.

Jumatano moja ya mwezi wa nne simu ililia mayai yakiwa bado kwenye kikaango. Alikuwa msichana wa duka la kutengeneza kucha. Alisema Bwana Hallam yupo pale mlangoni, anadai barua zake, amewatisha wateja, nao wamewaita polisi. Polisi wameshafika.

Ardith alizima jiko, akaingia garini na ndala zake za nyumbani. Njiani alielewa: duka lile zamani ndilo lililokuwa posta.

Alimkuta Royce ameupa mgongo mlango wa kioo, mkono wa kulia umetulia juu ya mpini wa bastola, kama alivyozoea kila anapowaza. Hatua kumi mbele yake, nyuma ya mlango wa gari, alisimama askari mwanamke kijana, bastola yake mkononi imeelekea chini. Kwenye kifua chake paliandikwa Kessler. Alikuwa hajatimiza hata mwezi mjini, na hakumjua mzee yule, wala hakuwa na mtu karibu wa kumwuliza habari zake.

Kessler alikuwa akimwambia kwa mara ya tatu ainue mikono. Royce akamjibu kwa upole kwamba amekuja kuchukua barua zake, akamwuliza yeye ni nani.

Ardith alishuka garini viganja vikiwa wazi. Alieleza mbiombio: yeye ni mkewe, mzee ni mgonjwa, anasahau, na bastola ile haina risasi, amezitoa kwa mkono wake mwenyewe.

"Nakusikia, mama," Kessler alisema bila kumwondolea Royce macho. "Lakini kwangu ina risasi mpaka nijionee mwenyewe."

Maneno yale yale Royce aliwaambia wanafunzi wake miaka thelathini. Ardith alipoyasikia yakitoka kwa mgeni huyu, akajua la kufanya.

"Usimwamrishe kama polisi," alisema. "Hakuoni kama polisi. Mwite Mwalimu, umwambie uwanja umefungwa."

"Uwanja gani?"

"Wa shabaha. Alikuwa akiwatangazia wanafunzi wake kila Jumamosi. Kila mtu akisikia hivyo anaifungua silaha yake, anaiweka chini, anarudi nyuma. Mikono yake itakumbuka."

Kessler aliutazama mkono wa Royce ulio juu ya mpini. "Mama, unaniomba nimwache aishike."

"Ndiyo, mwanangu. Nakuomba."

Kessler aliwapungia watu wa ndani walale sakafuni, akamwambia Ardith ajifiche nyuma ya gari. Ardith hakuenda. Alibaki palepale alipokuwa, ili Royce akigeuza macho amwone.

"Mwalimu," Kessler aliita, sauti kubwa lakini imetulia. "Uwanja umefungwa."

Royce alinyooka mgongo kama aliyeguswa begani. Kwa vidole viwili aliitoa bastola taratibu, mtutu ukitazama ardhini. Akaifungua silinda, akaizungusha, akapitisha kidole kidogo kwenye kila tundu, moja baada ya jingine. Kisha akailaza juu ya benchi la mbao lililokuwa ubavuni, akarudi nyuma hatua tatu.

"Uwanja salama," alisema.

Hapo ndipo Kessler aliporudisha silaha yake kiunoni. Alisogea, akaiokota ile ya mzee, akaitazama matundu yote sita, akashukuru.

Royce alimwangalia anavyoishika. "Kidole nje ya kifyatulio. Vizuri. Nani amekufundisha?"

"Baba yangu."

"Amekufundisha sawasawa."

Ardith alimketisha mumewe kwenye benchi. Alitamani kumkumbatia na kumgombeza kwa pamoja. Mwishowe alimfunga tu kifungo cha shati kilichofunguka. Royce alimwacha amalize.

"Ilikuwa tupu," alisema.

"Nilizitoa mimi. Nisamehe."

"Najua. Tangu wakati wa baridi. Bastola tupu ni nyepesi, Ardie. Nilijua siku ile ile nilipoifunga kiunoni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, tungelazimika kuzungumza." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Kuna asubuhi niliamka nikakuona umekaa kitandani, nisikujue. Labda dakika moja. Nikasema moyoni, nani huyu ameingia chumbani mwangu? Nikautazama mkanda ukutani. Halafu ukaongea, nikakujua. Siku hiyo nilishukuru Mungu kwamba ulizitoa."

Ardith aliushika mkono wake akaukaza. Miezi yote ile kila mmoja alikuwa akibeba hofu yake peke yake, nyumba moja, kitanda kimoja.

Kessler alikuwa amesimama kando, amewapa nafasi. Alipokaribia alichuchumaa ili macho yake yalingane na ya mzee. Alimweleza kwamba hakuna kosa alilofanya na hakuna anayemkamata. "Bastola hii ni yako, Mwalimu. Lakini nakuomba uniruhusu nikuwekee kituoni, mpaka mtu wa familia yenu aje kuichukua."

Royce alifikiri kwa muda mrefu hata Ardith akadhani amesahau ameulizwa nini. Kisha alisimama, akaufungua mkanda wote, akaukunja vizuri na kumkabidhi.

"Chukua na huu," alisema. "Na uipake mafuta. Usiiache ikapata kutu."

"Nitaipaka."

"Kidogo tu. Nyie vijana mnamwaga kama mnakaanga kuku."

Kessler alicheka, na Ardith akacheka naye, ingawa machozi yalikuwa yakimshuka.

Binti yao alikuja wiki ya pili akaichukua. Ardith alidhani mambo yameishia hapo, lakini Jumamosi iliyofuata gari la Kessler lilisimama mbele ya nyumba. Hakuwa na sare. Alibeba boksi la donati, akauliza kama Mwalimu ana nafasi. Wakaketi barazani. Royce alimfundisha kupumua kabla ya kufyatua, mikono mitupu ikilenga nguzo ya jirani, akamsahihisha kiwiko. Jumamosi nyingine alimwita Kessler, nyingine alimwita kwa majina ya wanafunzi wa zamani ambao hata Ardith aliwakumbuka kwa shida. Kessler aliitikia kila jina aliloitwa.

Nao wakiwa huko nje, Ardith alifunga mlango wa bafu, akafungulia maji ya moto, akaosha nywele zake polepole, bila kutega sikio kujua Royce yuko wapi, kwa mara ya kwanza tangu wakati wa baridi.