Petroli ya Baba Witness

Ethel alivuta kamba mpaka kiganja kikamuwaka moto. Kijenereta kikakohoa mara moja, kikatema moshi mzito, kikanyamaza. Akavuta tena. Kimya. Ng'ambo ya ua, jirani yake Dorika, Mama Gasper, aliyekuwa akipeta unga wa muhogo alisimamisha ungo hewani, akatega sikio. Jumamosi jioni bila mngurumo ule, Lulindi haikuwa Lulindi aliyoizoea.

Si kwamba nyumba ile ilikuwa gizani. Umeme wa nguzo ulikwisha fika, na Witness, binti wa pekee wa Ethel na mwalimu wa shule ya msingi anayeishi kwake hapo jirani, alikwisha mwekea mama yake taa kila chumba. Hata hivyo kila Jumamosi Ethel alikitoa kijenereta stoo, akakifuta vumbi kwa kipande cha khanga, akakikalisha chini ya mkorosho na kuwasha balbu moja tu ya barazani. Kikinguruma, yeye huketi kando yake kama aliyefikiwa na mgeni. Watu wana midomo, wakasema mama wa watu anamwita mumewe. Nami nasema hawakukosea sana.

Mumewe, Arthur, alikuwa seremala, na tangu mtoto azaliwe mkewe hakumwita ila Baba Witness. Kazi za madawati na milango zilipokauka alivuka mto Ruvuma, akaingia nchi jirani kuwafuata ndugu wa mama yake waliosema upande wa pili mbao ni za kumwaga. Asubuhi ya kuondoka alimshika mkewe mkono, akampeleka stoo. Mwanamume mwingine angeagiza shamba lipaliliwe au mtoto asikose shule. Huyu aliagiza injini.

"Usikiache kikalala, Mama Witness. Kikilala sana hakiamki. Siku nikirudi nataka nikisikie tangu njia panda, nijue nimefika kwangu."

Mwanzoni simu zilikuja. Zikapungua. Kisha vurugu zikaingia kule alikokuwa, watu wakakimbia ovyo, na simu zikakoma kabisa. Hadi leo ukiipiga namba ile utajibiwa na yule dada wa mtandao mwenye sauti tamu, asiyejua uchungu wa mtu. Padri alipata kumwuliza Ethel kwa upole kama isomwe ibada ya kumkumbuka marehemu. Ethel alimwuliza marehemu gani, padri akaangalia viatu vyake, na habari ile haikurudiwa.

Kuna jambo jingine aliloachiwa. Arthur hakuwa mtu wa kuzima injini kwa swichi. Alifunga koki ya mafuta, akaiacha injini imalize yenyewe kilichobaki ndani, ili kabureta isilale na mabaki. Koki ikishafungwa, kijenereta kiliendelea kunguruma kidogo bila kujua kwamba kimekatiwa, kikipandisha sauti mwishoni, balbu iking'aa kuliko ilivyong'aa jioni nzima, halafu ghafla basi. Muda huo mfupi ulikuwa wa nyumba nzima. Arthur akisema tu, "Nimefunga!", Witness hukimbilia mkeka, Ethel hupakua kilichobaki chunguni, na wote watatu huwa wamekwisha kaa pamoja kabla giza halijaingia. Kwa miaka mingi Ethel alifunga koki vilevile. Alikosa tu wa kumtangazia.

Jumamosi hiyo alivuta mpaka kamba ikamtoka mkononi, akaketi chini na kulia bila kujificha. Siku ya pili yake, baada ya ibada, Witness alimpigia Uwesu, fundi wa Lisekese anayetengeneza pikipiki na mashine za kupulizia mikorosho. Jumatatu alasiri Uwesu akafika, domo mbele, kapu la spana nyuma.

"Shikamoo, Mama Witness."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako huyo hapo."

"Nimeambiwa huyu ndiye baba mwenye nyumba!" alitania Uwesu, kisha alipomwona Ethel hacheki, akainama haraka kufungua plagi.

Plagi ilitoka nyeusi tii, imelowa. Akaifuta, akaisugua kwa msasa, akavuta kamba, haikusaidia. Akafungua kabureta. Humo ndani mlikuwa na ulimbo wa rangi ya kahawia, umeganda kama utomvu wa mkorosho kwenye gome. Uwesu aliukwangua kwa ukucha, akaunusa, akakunja uso.

"Mama, petroli hii unaipata wapi?"

"Nanunua hapo dukani, kama watu wote. Naichanganya na oili kama alivyonionyesha Baba Witness."

"Petroli mpya haifanyi hivi. Niambie ukweli."

 Witness, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama pembeni. Mwishowe Ethel aliingia stoo, akatoka na kidumu cha njano kilichofungwa kwa nailoni shingoni.

Sasa lazima mjue kwamba Ethel ni mpika mikate, na mikate yake husifiwa hadi Lukuledi. Hatumii hamira ya dukani. Kila akikanda hubakiza donge la unga uliochachuka, kesho akalitia katika unga mpya, na donge hilo lina ukoo mrefu, maana lilianzia kwa bibi yake. Arthur alipoondoka aliacha kidumu hiki kimejaa petroli aliyoichanganya kwa mikono yake. Kilipofika nusu, Ethel aliingiwa na hofu. Akanunua petroli mpya, akaichanganya, akaimimina mle mle juu ya ile ya zamani. Tangu hapo hakuwahi kukiacha kidumu kikauka. Kila tangi lililojazwa lilikuwa na tone la mumewe ndani yake. Na kadiri muda ulivyokwenda, petroli ile ilianza kunuka vanishi, ndiyo harufu ya Arthur arudipo karakana, naye Ethel akaona ni faraja aliyoletewa makusudi.

Alieleza hayo yote kwa sauti ndogo. Uwesu alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka spana chini.

"Mama yangu, petroli hukaa ikaharibika. Harufu hiyo ndiyo dalili. Hii imekufa."

"Usiseme imekufa."

"Samahani. Imechacha."

"Kwangu kilichochacha hakitupwi. Ndicho kinachoumua cha kesho."

"Kwenye mkate, mama. Injini haiumuki." Alifuta mikono kwenye suruali. "Kabureta nitaisafisha, itapona. Lakini ukiitia hii tena, hata mara moja, usiniite. Nitakuwa nakuibia tu."

Ethel alikipakata kidumu mapajani. Alihisi petroli ikicheza ndani, nyepesi, kama kitu chenye uhai. Ndiyo pekee iliyobaki iliyopita mikononi mwa mumewe. Mashati yake yalikwisha fuliwa yakaisha harufu, randa na misumeno vimeshika kutu.

"Mama," Witness alisema taratibu, "baba alikuagiza utunze nini? Petroli au injini?"

"Na wewe una haraka gani ya kumzika baba yako?"

Neno lilikwisha toka. Witness alishuka barazani, akapiga magoti mbele ya mama yake, machozi yakimlenga.

"Unadhani unamngoja peke yako? Kila Jumamosi jioni mimi huzima redio kwangu, nikatega sikio. Kikinguruma nasema, haya, bado tupo, bado tunamngoja. Juzi hakikunguruma, mama. Nilikaa na vyombo mkononi kama mjinga, sikuweza hata kula."

Ethel alimtazama mwanawe kana kwamba ndiye aliyetoka safari. Miaka yote hiyo alikuwa akijiona ana zamu ya peke yake. Aliinuka, akakumbatia kidumu, akaenda nacho nyuma ya nyumba, kwenye banda la useremala. Mchwa walikuwa wamepanda nguzo moja hadi karibu na paa, na Ethel alikwisha jaribu majivu na maji ya moto bila mafanikio. Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akakifutia kwenye pindo la khanga yake. Kisha akaimwaga petroli yote pale chini, polepole, akiizungushia nguzo ya mumewe, mpaka kidumu kikawa chepesi na harufu ya vanishi ikalijaza banda lile kama zamani.

"Haya," Ethel aliporudi alimwambia Uwesu, macho yake mekundu. "Kisafishe."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikorosho fundi alipofunga skrubu ya mwisho. Petroli mpya ililetwa. Uwesu alitaka kuchanganya mwenyewe, Ethel akamsogeza kwa kiwiko, akapima oili kwa kifuniko, akatikisa chombo, akajaza tangi. Akafungua koki. Akavuta choki ya hewa. Akavuta kamba.

Kikaitika mara moja.

Kwanza Ethel hakukijua. Kumbe mngurumo aliouzoea ulikuwa wa mgonjwa, mzito, wenye kikohozi, nao ulimjia kidogo kidogo asiutambue. Huu ulikuwa mwembamba, mkali, mwepesi, moshi wake wa samawati usioziba uso. Ni ule ule aliouacha Arthur. Ethel alijishika kifua.

Ndipo vikasikika vishindo vya kandambili. Dorika alikuja mbio akipita kwenye michongoma, mikono imejaa unga hadi viwikoni, khanga ikimponyoka.

"Mama Witness! Mama Witness wee! Amerudi? Baba Witness amerudi?"

 Uwesu aliinamisha kichwa akaanza kuhesabu spana zake. Dorika alitazama huku na huku, akaiona injini, akamwona fundi, akaelewa. Mikono yake yenye unga ikaenda mdomoni.

"Jamani, nisamehe. Nimesikia... ni sauti yake kabisa, ya siku zake."

"Najua," alisema Ethel. Alivuta pumzi, na uso wake ulikuwa mtulivu. "Bado, Mama Gasper. Bado hajarudi. Karibu ukae."

Akainama, akaishika koki kwa vidole viwili.

"Nimefunga!" alitangaza.

Injini iliendelea kunguruma. Witness, mwanamke mzima mwenye darasa lake, alikimbia ndani kama mtoto, akatoka na mkeka. Ethel akaleta mkate wa asubuhi, akaumega vipande, akakiweka kimoja kando. Balbu ya barazani ikaanza kung'aa zaidi, na mngurumo ukapanda juu ya paa, juu ya mikorosho, ukaelekea njia panda. Waliketi upesi, wote wanne, wakiwahi kabla haujakatika, na hakuna aliyeketi akiipa mgongo njia.